Nambari Moja, Kazi Tatu: Ugawaji wa Makatizo katika Kompyuta Binafsi, 1981–1998

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kueleza tendo la mtu kuingia katika shughuli ya mwenzake kabla haijaisha. Mwenye kuyavunja maneno ya msemaji husemwa kuwa amemkatiza au amemdakiza, na jambo hilo huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Lakini mtu asimamaye nje ya mlango akabisha hodi, akangoja kuitikiwa, hahesabiwi kuwa amekosa, ingawa naye pia amemwachisha mwenye nyumba kazi yake. Ishara ambayo kifaa cha kompyuta huipelekea prosesa ili kuomba kuhudumiwa itaitwa katika makala haya katizo, na wingi wake makatizo. Hata hivyo, kwa tabia yake jambo lenyewe li karibu zaidi na hodi kuliko dakizo. Prosesa huimaliza kwanza amri moja iliyo mkononi, huweka kumbukumbu ya mahali ilipofikia, ndipo humwendea mgeni. Na mgeni akiisha kuhudumiwa, hurudi pale pale ilipoachia.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi makatizo yalivyogawiwa nambari katika kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 na katika mashine zilizoifuata. Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi ugawaji huo uliwataabisha watu wengi wasiokuwa mafundi. Aghalabu husemwa kuwa taabu ile ilitokana na uchache wa nambari. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Dai litakalotetewa hapa ni kwamba nambari moja ilibebeshwa kazi tatu kwa pamoja: kutaja waya, kutaja cheo, na kutaja anwani. Taabu iliondoka kidogo kidogo kadiri kazi hizo tatu zilivyotenganishwa. Jambo hili lawahusu pia wanaoshughulika na istilahi, maana ni vigumu kukitafsiri vyema kitu ambacho hata waliokiunda walikichanganya.

I. Asili ya katizo

Kompyuta za awali hazikuwa na njia ya kubishiwa hodi. Programu iliyotaka kujua kama kifaa fulani kina habari ilipaswa kukiuliza, na kama jibu ni hapana, kukiuliza tena. Utaratibu huo si mbaya ikiwa vifaa ni vichache na kazi ni moja. Lakini prosesa yenye uwezo wa kutenda maelfu ya amri katika muda ambao mkono wa mpiga chapa wasogea kutoka herufi moja hadi nyingine hupoteza karibu maisha yake yote katika kuuliza. Mashine iitwayo DYSEAC, iliyokamilishwa mwaka 1954 na Idara ya Taifa ya Vipimo ya Marekani, huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuviruhusu vifaa vya nje vyenyewe viisimamishe kazi ya prosesa. Tangu hapo fikira hiyo ilienea katika mashine kubwa, na baadaye katika ndogo.

Mara tu vifaa vinapopewa ruhusa ya kubisha, maswali matatu huzuka. Kwanza, ni nani anayebisha? Pili, wakibisha wawili kwa wakati mmoja, ni nani atangulie? Tatu, akiisha kujulikana, ni programu ipi imhudumie? Ni maswali tofauti, na yangeweza kupewa majibu tofauti. Historia inayofuata ni ya mashine ambayo iliyajibu yote kwa tarakimu moja.

II. Mpango wa mwaka 1981

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi. Moyo wake ulikuwa prosesa ya Intel 8088, ambayo ina waya mmoja tu wa kupokelea makatizo ya kawaida. Vifaa vilikuwa vingi kuliko mmoja, kwa hiyo mbele ya waya huo iliwekwa chipu nyingine ya Intel, 8259A, ambayo yafaa kuiita bawabu. Bawabu huyu ana nyaya nane za kusikilizia, zenye nambari 0 hadi 7. Asikiapo hodi katika mmojawapo huipasha prosesa habari, na prosesa ikiitika humpelekea nambari ya kumtambulisha mgeni. Nyaya zile ziligawiwa hivi:

0 — saa ya mfumo, ambayo hupiga takriban mara 18.2 kwa sekunde
1 — kibodi
2 — iliachwa akiba
3 — poti ya pili ya mawasiliano, COM2
4 — poti ya kwanza ya mawasiliano, COM1
5 — iliachwa bila mwenyewe. Mwaka 1983 ikapewa diski ngumu ya modeli ya XT
6 — disketi
7 — printa

Nyaya mbili za kwanza zilikomea katika bodi kuu ya mashine, na hakuna kadi iliyoweza kuzifikia. Nyaya sita zilizobaki zilipelekwa kwenye nafasi za kuchomekea kadi, na zilifika katika kila nafasi zikiwa zile zile. Yafaa kulikumbuka jambo hili: nafasi kadi ilipochomekwa haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa ni kadi yenyewe iliyochagua ibishe katika waya upi, na bodi kuu haikuwa na njia ya kuiuliza imechagua nini.

Sasa tuzitazame kazi tatu za nambari hiyo. Kazi ya kwanza ni dhahiri: nambari 4 ni waya fulani wa shaba. Kazi ya pili ni cheo. Bawabu alipangwa amtangulize mwenye nambari ndogo. Saa humshinda kila mtu, kibodi hushindwa na saa peke yake, na printa hukaa mkiani. Anapohudumiwa mwenye cheo cha juu, wa chini hungoja hata programu imwambie bawabu kuwa kazi imekwisha. Kazi ya tatu ni anwani. Mwanzoni mwa kumbukumbu ya mashine palikuwa na jedwali la nafasi 256, kila nafasi baiti 4, jumla baiti 1,024, na katika kila nafasi iliandikwa mahali ilipo programu ya kumhudumia mgeni wa aina moja. Bawabu huongeza 8 katika nambari ya waya, na jumla yake ndiyo nafasi ya kutazamwa. Hivyo kibodi, yenye waya wa 1, hupata programu yake katika nafasi ya 9.

Hiyo 8 nayo ina kisa chake. Intel ilikuwa imeonya kuwa nafasi 32 za kwanza za jedwali, yaani 0 hadi 31, ni akiba yake kwa matumizi ya prosesa zijazo. Waundaji wa mashine ya IBM hawakulifuata onyo hilo. Waliyaweka makatizo ya vifaa katika nafasi za 8 hadi 15. Mwaka 1982 Intel ilipotoa prosesa ya 80286, nafasi hizo hizo zilipewa kazi ya kutangaza makosa ya ndani: ya 8 kwa kosa linalozuka wakati kosa jingine linashughulikiwa, na ya 13 kwa programu inayovunja mipaka iliyowekewa. Nafasi ya 8 ilikuwa tayari ni ya saa, na ya 13 ni ya waya wa 5. Programu iliyoitwa pale haikuweza tena kujua kwa yakini kama imeitwa na saa au na msiba. Mifumo ya baadaye iliyotumia uwezo kamili wa prosesa hizo, Linux ya mwaka 1991 miongoni mwao, ilimpanga bawabu upya aongeze 32 mahali pa 8. Lakini programu za mfumo wa DOS ziliendelea na 8, kwa sababu itakayoelezwa.

III. Ada ikawa sheria

Kawaida ni kama sheria, wasema wahenga. IBM ilichapisha kitabu cha ufundi cha mashine yake pamoja na michoro ya saketi na matini ya programu ya msingi iliyokaa ndani ya mashine. Mwandishi wa programu aliyetaka kasi hakuiomba programu ya msingi imfanyie kazi. Alimwendea bawabu mwenyewe, akaandika anwani ya programu yake katika jedwali. Kampuni nyingine nazo zilitengeneza mashine zinazolingana na ya IBM. Ya Compaq ilitangazwa mwishoni mwa mwaka 1982. Mashine ya namna hiyo haikuweza kuuzika ila ikiwa programu zile zile zaenda ndani yake, na programu zile zilitazamia kibodi iwe katika nafasi ya 9 na poti ya kwanza iwe katika waya wa 4. Hivyo mpango uliobuniwa kwa ajili ya modeli moja ulikuwa sheria ya watu ambao hawakuwapo ulipobuniwa, na hata IBM yenyewe haikuwa na uhuru wa kuutangua.

Hayo yalidhihirika mwezi Agosti 1984, modeli ya AT ilipotoka. Nyaya nane hazikutosha tena, kwa hiyo aliwekwa bawabu wa pili mwenye nyaya zilizohesabiwa 8 hadi 15. Lakini prosesa bado ilikuwa na waya mmoja wa kupokelea, na ilibidi bawabu wa pili abishe hodi kwa bawabu wa kwanza. Alipewa waya wa 2, ule ulioachwa akiba. Nyaya kumi na sita zikapungua moja, zikawa kumi na tano za kufaa. Saa ya kudumu, ile iendeshwayo na betri mashine izimwapo, ilipewa 8. Prosesa ya hesabu ilipewa 13. Diski ngumu ilihamishwa kutoka 5 hadi 14. Nambari 5 iliyoachwa iliwekwa kwa printa ya pili, kitu ambacho watu wachache walikuwa nacho. Makatizo ya bawabu wa pili yaliwekwa mbali katika jedwali, katika nafasi za 112 hadi 119, na onyo la Intel likaheshimiwa safari hii.

Lakini kulikuwa na kadi za zamani zilizokwisha kuundwa zikibisha katika waya wa 2, nao sasa haukuwapo tena kwa ajili yao. Dawa iliyopatikana yastahili kuelezwa, maana yaonyesha tabia ya mambo yote yaliyofuata. Mahali katika nafasi ya kadi palipokuwa na waya wa 2 pakaunganishwa na waya wa 9 wa bawabu wa pili; na programu ya msingi, ikiitwa na 9, huipitisha hodi hiyo kwenye nafasi ya jedwali iliyokuwa ya 2. Kadi ya zamani ilidhani iko katika 2, na programu yake ilidhani hivyo hivyo, ilhali katikati yao hodi ilikuwa ya 9. Kwa mara ya kwanza waya na anwani vilitenganishwa, ingawa kwa njia ya hila na kwa ajili ya waya mmoja tu.

Vyeo navyo vilivurugika. Kwa kuwa bawabu wa pili huingilia katika waya wa 2 wa bawabu wa kwanza, wageni wake wote wanane hutangulia mbele ya 3. Utaratibu wa vyeo ukawa 0, 1, kisha 8 hadi 15, ndipo 3 hadi 7. Diski ngumu yenye nambari 14 ikawa na cheo juu ya poti ya mawasiliano yenye nambari 4. Hili halikuwa jambo la jina tu. Chipu ya poti katika mashine za awali, 8250, ilikuwa na uwezo wa kushika herufi moja tu iliyopokewa. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde herufi mpya hufika kila baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde hivi, na prosesa ikikawia kwingine kwa muda huo, herufi ya pili huifuta ya kwanza. Diski inaweza kungoja bila kupoteza kitu, lakini poti haiwezi. Cheo kilikuwa kimekwenda kwa asiyekihitaji, kwa sababu tu ya waya alioangukia.

IV. Fahali wawili katika zizi moja

Katika njia ile ya kadi, iliyokuja kuitwa ISA, bawabu alisikia hodi kwa kupanda kwa umeme katika waya kutoka chini kwenda juu. Alichosikia ni kule kupanda. Waya uliokwisha kuwa juu ulikuwa kimya masikioni mwake. Kadi ya pili ikibisha katika waya ule ule wakati ya kwanza bado imeushikilia, hakuna kupanda kupya, na hodi ya pili hupotea bila alama. Tena kadi nyingi ziliusukuma waya kwa nguvu hata zilipokuwa hazina haja, kwa hiyo moja iliuvuta chini wakati nyingine yaupandisha. Kwa sababu hizo waya mmoja ulikuwa wa kadi moja, na hakuna kadi mbili zilizokaa pamoja kwa amani.

Mfano uliojulikana sana ni wa poti za mawasiliano. Mpango wa IBM ulizipa nyaya poti mbili. Watu walipotaka nne, desturi iliipa COM3 waya wa 4 pamoja na COM1, na COM4 waya wa 3 pamoja na COM2. Mtu aliyekuwa na kipanya katika COM1 akanunua modemu akaiweka katika COM3 aliona vyote viwili vikifanya kazi kila kimoja kwa wakati wake. Lakini simu ikiisha kuunganishwa, alipokisogeza kipanya mojawapo kilinyamaza. Mashine haikumwambia sababu, kwa kuwa yenyewe haikuijua.

Kadi za sauti zilizidisha msongamano. Kadi ya Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, ilikuja mwanzoni ikiwa katika 7, waya wa printa. Zile za baadaye zilihamia 5, mahali palipoachwa wazi na printa ya pili. Kwenye kadi palikuwa na vijiti vidogo vya shaba, na kifuniko kidogo cha plastiki kiitwacho jampa kilichounganisha viwili kati yavyo ili kuuchagua waya. Mwenye mashine alipaswa kuvisogeza kwa mkono, kisha kuziarifu programu alichochagua kwa kuandika katika faili la kuanzishia mashine mstari kama SET BLASTER=A220 I5 D1, ambamo 5 ni nambari ya waya. Akikosea, mchezo ulikuwa bubu au mashine nzima iliganda.

Hapa ndipo gharama ya mpango wa mwaka 1981 ilipoangukia. Mtu aliyenunua kompyuta ili aandike barua au afanye hesabu za duka alilazimika kujua orodha ya nyaya kumi na tano, kuiandika katika karatasi, na kuiweka karibu. Uamuzi waliotoa wahandisi wachache ulilipiwa kwa saa za watu wasiohesabika, nao waliambiwa kuwa kosa ni lao kwa kutosoma maelezo.

V. Kutenganishwa kwa kazi tatu

IBM ilijaribu kwanza kuliondoa tatizo la waya. Mwaka 1987, katika mashine zake za PS/2, ilileta njia mpya ya kadi iitwayo Micro Channel, ambayo katizo lake husikika kwa hali ya waya na si kwa kupanda kwake. Hodi iliendelea kusikika maadamu mgeni mmoja bado yu mlangoni, na hivyo kadi kadhaa ziliweza kushirikiana waya. Lakini kadi za zamani hazikuingia katika njia hiyo, na masharti yake ya leseni hayakuwapendeza watengenezaji wengine. Mwaka 1988 Compaq pamoja na wenzake wanane walitangaza njia yao, EISA, iliyoruhusu kushirikiana na pia ikazipokea kadi za zamani. Njia zote mbili hazikuenea katika mashine za watu wa kawaida.

Iliyoenea ni PCI, iliyotolewa na Intel mwaka 1992. Kadi ya PCI hubisha katika mojawapo ya nyaya nne ziitwazo A, B, C na D, ambazo kwa asili zinaruhusu kushirikiana. Herufi hizo hazina cheo wala anwani. Ni nyaya tu. Ni programu ya msingi inayoamua A ya nafasi fulani iunganishwe na nambari ipi ya bawabu, kisha huiandika nambari hiyo ndani ya kadi ili mfumo uisome. Jampa haikuwa na kazi tena.

Zilibaki kadi za ISA. Mwaka 1993 Intel na Microsoft pamoja na wenzao walitoa kanuni ya kuzifanya kadi za ISA zijitambulishe zenyewe. Kila kadi ilipewa kitambulisho cha biti 72. Mashine ikiwashwa, kadi zote hutakiwa zisome vitambulisho vyao biti moja moja kwa pamoja. Yenye biti iliyoshindwa hunyamaza, mpaka ibaki moja, nayo hupewa nambari ya kuitwa, na mashindano huanza tena kwa zilizosalia. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliifanya kanuni hiyo ijulikane na watu wote. Hata hivyo kadi za zamani hazikuweza kuulizwa wala kuhamishwa, na ilibidi mfumo mpya ukisie zilipo na kuzipisha. Palipokuwa na kadi mpya na za zamani pamoja, matokeo hayakutabirika.

Utengano kamili ulikuja kwa hatua mbili. Kanuni ya Intel ya mashine zenye prosesa zaidi ya moja, ya mwaka 1994, ilileta bawabu wa namna nyingine, aitwaye APIC. Huyu kwa kawaida alikuwa na nyaya 24, na kwa kila waya mfumo huandika nafasi yoyote ya jedwali unayoitaka. Cheo nacho hufuata nafasi hiyo, wala hakifuati waya. Hatua ya pili iliingizwa katika kanuni ya PCI ya mwaka 1998: kifaa hakibishi tena katika waya wowote, ila huandika ujumbe mfupi mahali maalumu katika kumbukumbu, na ujumbe wenyewe wataja nafasi ya jedwali. Kifaa kimoja kiliweza kuwa na makatizo 32, na kanuni iliyofuata ikayaongeza hadi 2,048. Waya uliokuwa chanzo cha yote haukuhitajika.

Lakini ada haifi mara moja. Katika kompyuta nyingi za leo zenye ukoo na mashine ya mwaka 1981, mfumo wa Linux ukitakiwa kuonyesha orodha ya makatizo, kibodi ya ndani bado huandikwa 1 na saa ya kudumu 8. Mawaziri wamebadilika, lakini viti vya baraza vimebaki na nambari zao.

VI. Neno juu ya istilahi

Katika maelezo mengi ya Kiingereza nambari hii huitwa kwa kifupi IRQ, na kifupi hicho hutumiwa mara kwa waya, mara kwa cheo, mara kwa nafasi ya jedwali. Mtarajumani akiandika kila mahali nambari ya katizo, ataurithi mkanganyiko pamoja na neno. Atasema kuwa nambari 14 ni kubwa kuliko 4, na msomaji atadhani cheo chake ni cha chini, ilhali sivyo. Atasema kuwa kadi mbili za PCI zina nambari moja, na msomaji wa zamani atadhani zagombana, ilhali zashirikiana.

Kiswahili hakina sababu ya kuubeba mzigo huo. Yapendekezwa maneno matatu yatumike kila moja mahali pake: waya wa katizo kwa njia ipitayo hodi, cheo cha katizo kwa haki ya kutangulia, na anwani ya katizo kwa nafasi ya jedwali inayoonyesha programu ya kuhudumia. Nambari ya katizo lisitumike ila pale ambapo kazi zote tatu ziliungana kweli, yaani katika mashine za miaka ya 1981 hadi 1984 zilizokuwa na bawabu mmoja. Wahandisi ilibidi wangoje hadi mwaka 1998 ili kuzitenga kazi hizo katika mashine. Katika lugha zaweza kutengwa tangu sasa, kwa kuwa maneno yenyewe tunayo.